Sajenti Aliyekaa Goweko

Kijiwe cha Mzee Hamoud kilikuwa Gongoni, pale njia ya zamani ya misafara inapokutana na barabara ya stesheni. Benchi lake lilikuwa mataruma mawili ya chuma yaliyong'olewa relini, yakalazwa juu ya matofali na kufunikwa magunia ya tumbaku, maana bila gunia jua la Tabora lingekuchoma makalio mpaka ukasahau ulichotaka kusema. Hapo, kila siku baada ya sala ya alasiri, dele la kahawa lilipoanza kufuka, nchi iliendeshwa upya. Mzee Hamoud bin Nabhan alimimina na kuguna. Ambrosi, gadi wa treni mstaafu aliyeitwa Taarifa kwa sababu redio haikumtoka kwapani, alileta habari. Nasor, mpiga taipu wa mahakama ya mwanzo, aliyeitwa Wakili ingawa hakuwahi kumtetea hata kuku, alizitolea hukumu. Na Yahaya, karani wa mizani kwenye ghala la tumbaku, mgambo tangu mwaka sabini na tatu, aliitwa Sajenti, cheo alichopewa na benchi, si na jeshi. Ilikuwa Januari ya mwaka sabini na tisa, mwezi wa tatu wa vita vya Kagera, na benchi lilikuwa limeshavipigana vita hivyo mara nyingi na kuvishinda kabla ya magharibi.

Mambo yalianza na tangazo lililobandikwa ofisi ya tawi. Taarifa alilisoma, kisha akaja kulirudia kijiweni kwa sauti ya mtangazaji.

— Jeshi linatafuta watu wachache kwa kikosi maalumu. Watu wa kutangulia mbele ya wenzao, wanyemelee, watazame, warudi waseme. Mgambo ruksa kujaribu. Raia wa kawaida ruksa.

— Maalumu maana yake nini? aliuliza Mzee Hamoud.

— Maana yake hawalali.

— Mimi mwaka wa kumi silali, mbona sijaitwa?

— Wewe, mzee, hulali kwa sababu ya kahawa yako mwenyewe.

Sajenti aliweka kikombe chini taratibu, kama mtu anayetua bomu.

— Mimi nimeshaandikisha jina.

Wakili akampigia saluti bila kuinuka. Taarifa akampa mkono. Miaka sita Sajenti alikuwa akiwapanga mgambo wa kata kila Jumamosi kwa filimbi na fimbo, na miaka sita benchi lilikuwa likisikia kwamba nchi ikiingia vitani itajua kuwa Tabora kuna mtu.

— Wangapi mmejiandikisha? aliuliza Wakili.

— Mia moja na kumi na wawili. Vijana wa Itetemia, wafanyakazi wa reli, mgambo kutoka mpaka Igunga. Hata Fakhrudin yumo.

— Fakhrudin yupi?

— Wa baiskeli.

Benchi likacheka mpaka magunia yakateleza. Fakhrudin alikuwa fundi baiskeli barazani kwa mama yake, Bi Kherunisa, mtaa wa pili. Duka la vipuri la marehemu baba yake lilikuwa limebaki rafu tupu, maana vipuri havikuja tena, naye akabaki na pampu moja na bakuli la maji la kutafutia matundu. Alikuwa mwembamba hata watu wakamwita Spoku. Alizaliwa Tabora, akasoma Tabora, kila siku akipita mbele ya kijiwe na kutoa shikamoo, lakini hakuwahi kuambiwa karibu ukae.

— Atapeleleza nini huyo? alisema Taarifa. Atamfuata adui nyuma amwuzie kengele.

— Bepari mkubwa, alisema Wakili.

— Bepari gani ana pampu moja? alisema Mzee Hamoud.

— Ubepari uko moyoni, mzee. Hauhitaji pampu.

— Na hiyo safari yenyewe si mchezo, alisema Taarifa. Mnapelekwa Tura kwa treni, mnarudi Tabora kwa miguu, njia ileile ya misafara, kilo ishirini na tano za mchanga mgongoni.

Mzee Hamoud akajinyoosha.

— Babu yangu aliifanya safari hiyo mara kumi na moja.

— Babu yako aliifanya juu ya punda, mzee, alisema Sajenti. Aliyebeba ni babu yangu.

Taarifa akazungusha kitufe cha redio ambayo haikuhitaji kuzungushwa. Kisha Mzee Hamoud akammiminia Sajenti kikombe kilichojaa hadi ukingoni.

— Basi kunywa, mwanangu. Safari hii hata punda hayupo.

Siku tatu za mwanzo walikimbizwa Itetemia, na kati ya mia na kumi na wawili wakabaki arobaini na moja. Masika wa bucha, mtu wa kubeba ng'ombe nusu begani, alizimia saa ya kwanza akarudishwa kwa mkokoteni. Sajenti hakuzimia. Alikimbia, akatambaa, akavuka dimbwi na bunduki ya mti juu ya kichwa, na kapteni mmoja asiyecheka aliandika kitu mbele ya jina lake. Alipopanda treni ya Tura alikuwa na hakika, kama anavyokuwa na hakika na jiwe la mizani, kwamba atapita.

Masharti yalikuwa mepesi kuyasema. Kila mtu peke yake. Usifuate barabara, usiongee na mwanakijiji, pita karibu na kila stesheni uonekane, endelea. Na karibu na kila stesheni atakuwepo askari mmoja, kiti kimoja na birika la chai.

— Ukitaka kuacha, alisema kapteni, hakuna atakayekupiga wala kukutukana. Kaa tu kwenye kiti.

Siku ya kwanza Sajenti alitembea akiimba kimoyomoyo. Ya pili aliacha kuimba, lakini miguu ilikwenda. Asubuhi ya siku ya tatu mvua ilimnyeshea tangu alfajiri, mchanga ukalowa na kuwa mzito maradufu, na alipotokeza Goweko akamwona askari kijana amekaa chini ya turubai, na kando yake kiti cha mbao cha kawaida, cha shuleni.

— Karibu chai, mzee wangu, alisema kijana. Ina maziwa.

Sajenti alikuwa na miaka thelathini na minane na hakuna aliyewahi kumwita mzee wangu. Alisimama. Alijipima, mguu mmoja mmoja, goti moja moja, kama mtu anayekagua mzigo wa tumbaku. Hapakuwa na kitu kilichovunjika. Miguu ilikuwa inaweza. Hilo ndilo lililomsumbua baadaye kuliko jambo lolote: miguu ilikuwa inaweza kabisa. Alitaka tu kuinusa ile chai. Akasogea kuinusa. Kisha akageuka, akaona kiti, akakaa.

Hata hakuhisi kwamba ameamua. Alikuwa na kikombe mkononi, nusu kimemwagikia shati, alipomwona Fakhrudin akitoka porini. Midomo ilikuwa imempasuka, kiatu kimoja amekifunga kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Fakhrudin akamtazama Sajenti, akakitazama kikombe.

— Ina sukari, Sajenti?

— Ina.

Mwaka ule sukari ilikuwa habari. Fakhrudin akameza mate. Akanywa maji ya kopo kwenye pipa, akakaza kamba za mfuko, akaingia tena porini bila kuaga.

Sajenti alirudishwa Tabora kwa treni ya mizigo. Siku mbili alijifungia ndani. Siku ya tatu akafunga kitambaa kwenye goti la kushoto, akajikongoja kwenda kijiweni na uongo wake tayari mdomoni.

— Huyo anakuja, alinong'ona Wakili. Msimwulize kitu.

Sajenti akatoa salamu, akakaa, akanyoosha mguu.

— Goti, alisema.

— Goti, bila shaka, alisema Wakili, akimkonyezea Taarifa.

— Limeteguka karibu na Goweko.

— Goweko. Tumeelewa.

— Mbona mnanitazama hivyo?

— Sisi? Hatukutazami. Mzee Hamoud, unamtazama?

— Mimi natazama dele.

Taarifa akapunguza sauti ya redio, jambo ambalo hakulifanya hata kwa msiba.

— Nimesikia stesheni. Waliopita ni tisa. Na mmoja wa hao tisa ni Spoku.

— Spoku? aliuliza Sajenti, ingawa alijua.

— Spoku! Sasa niambieni, ndugu zangu. Jeshi lenye akili timamu linaweza kumwacha Sajenti likamchukua Spoku?

— Haliwezi, alisema Wakili.

— Kwa hiyo?

— Kwa hiyo halikumwacha.

Wakaegemea nyuma wote wawili, wameridhika. Mzee Hamoud akakuna kidevu.

— Sijaelewa.

— Mzee, sikiliza, alisema Wakili. Hao tisa ni pazia. Watavishwa gwanda, watapigwa picha, adui atahangaika nao. Wenyewe hasa ni wale waliorudishwa nyumbani, mmoja mmoja, kila mtu na kilema chake. Huyu goti. Yule kuhara. Mia na watatu! Hicho ndicho kikosi.

— Hata Masika wa bucha?

— Masika aliyezimia saa ya kwanza? Huyo ndiye mkuu wao.

Mzee Hamoud akamgeukia Sajenti.

— Mwanangu, ni kweli?

Sajenti alifungua mdomo. Kama angekuwa na watu wengine, au kama asingekuwa amelala siku mbili uso ukutani, pengine angeusema ukweli pale pale.

— Siwezi kusema... alianza, akitaka kumalizia kwamba hawezi kusema uongo.

— Basi! Wakili aliruka, akamziba mdomo kwa kiganja. Umesikia, mzee? Hawezi kusema! Usimlazimishe, utatufunga sote.

Tangu siku hiyo neno lilianza kukua. Jumatatu Taarifa alieleza kwamba Goweko kuna shimo chini ya ardhi, ndani yake wanafundishwa kupumua kwa unyasi wakiwa majini siku nzima.

— Goweko hakuna maji ya kumfunika mtu, alisema Mzee Hamoud.

— Ndiyo maana adui hatatutafutia hapo.

Jumanne Wakili alisema kwamba mtu wa aina ya Sajenti anaweza kusimamisha moyo wake, akahesabiwa maiti, akazikwa, akapeleleza akiwa kaburini.

— Anapeleleza nini kaburini?

— Mzee, kuna mambo hata mahakama haiulizi.

Jumatano Taarifa aliona treni isiyo na madirisha. Alhamisi treni hiyo ilikuwa inapita chini kwa chini kutoka Igunga hadi ziwani, na dereva wake hajui kwamba yeye ni dereva.

— Hajui vipi? aliuliza Mzee Hamoud.

— Ameambiwa anakoboa mpunga.

Kila siku Sajenti alikaa katikati yao akiwa kimya, na kila siku ukimya wake ukawa ushahidi mpya. Katibu wa tawi alianza kumwinukia. Bwana mkubwa wa ghala, aliyekuwa akimfokea kwa dakika tano za kuchelewa, sasa alimwuliza kwa upole kama kuna ruhusa anayohitaji. Wanawake kisimani walishusha sauti akipita. Sajenti aliona utamu wake, asiseme mtu kwamba hakuuona. Lakini jioni alirudi nyumbani kwa njia ya nyuma, asije akainukiwa tena.

Mkewe, Nyamizi, hakushusha sauti.

— Mke wa Wakili ameniuliza kama ni kweli unaweza kusimamisha moyo, alisema akichambua mchele.

— Ukamjibu nini?

— Nimemwambia habari za moyo sizijui, mimi nafua nguo tu. Nguo za mtoto wa jirani Semeni, mliyekwenda naye Tura, zimerudi zimeganda damu, mpaka leo hajavaa kiatu. Zako zilikuwa na doa la chai kifuani.

Sajenti akatazama mlango.

— Sijakuuliza kitu, alisema Nyamizi. Ila hilo goti, baba, ulifunge mguu uleule kila siku. Jana lilikuwa la kulia.

Ijumaa hiyo, dele likiwa limeanza tu kuzungushwa, Fakhrudin akatokea kwenye kona amevaa gwanda jipya. Lilimpwaya mabegani kama limeanikwa. Alikuwa amekonda zaidi, na alitembea kwa kukanyaga pembe za nyayo.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba, alisema Mzee Hamoud.

— Karibu, kamanda, alisema Wakili. Simama hapo tukuone. Taarifa, muone pazia letu.

— Pazia safi, alisema Taarifa. Halijapigwa pasi tu.

Fakhrudin hakuelewa, akatabasamu kwa adabu.

— Naondoka kesho na treni ya Mwanza, kisha meli. Nimekuja kuaga. Na nina swali, wazee wangu. Mama kanituma, kasema pale kijiweni wanajua kila kitu cha vita.

Benchi likakaa sawa. Hata Mzee Hamoud aliweka dele chini.

— Uliza, alisema Wakili. Unataka mpango wa kuvuka mto? Au silaha zao?

— Silaha zao ninazo zote, alisema Taarifa. Vifaru kwa idadi.

— Hapana, alisema Fakhrudin. Kule kuna baridi?

Walimtazama.

— Kuna nini?

— Baridi. Mama ananifumia sweta, limebaki mikono. Anataka kujua afume mirefu au mifupi. Uzi ni wa kubanabana, na treni ni kesho.

Taarifa aliipapasa redio yake.

— Hilo... redio haijalisema.

— Inategemea, alisema Wakili. Baridi kwa maana ipi?

— Maana ya baridi, mzee. Ya asubuhi.

— Kuna ziwa, alisema Mzee Hamoud polepole. Penye ziwa pana upepo. Lakini upepo nao unaweza kuwa wa moto.

— Kwani hakuna kati yenu aliyefika?

Taarifa alikohoa.

— Mimi treni yangu ilifika Mwanza. Niliyaona maji.

Miezi mitatu walikuwa wamekipigania kila kilima cha nchi ile, na sasa walikitazama kikombe kimoja cha kahawa kama kina jibu chini. Wakili ndiye aliyepata njia ya kutokea.

— Muulize Sajenti, alisema, akigusa pua. Nyinyi si mnafahamiana kikazi?

Fakhrudin akamgeukia Yahaya. Yahaya alikishika kitambaa cha goti. Sasa, aliwaza. Neno moja tu la kijana huyu, na kwa nini asiliseme? Miaka yote wamemfanya kichekesho mbele yangu, nami nikicheka nao.

— Tulionana Goweko, alisema Fakhrudin. Mvua ilikuwa kubwa sana siku ile.

Akamngojea Yahaya amjibu swali la baridi, kwa heshima ileile aliyowapa wote, na ndani ya macho yake hamkuwa na kitu kingine chochote.

Hapo Yahaya hakuweza tena. Aliinama, akafungua kitambaa gotini, akakiweka juu ya gunia.

— Sijui kama kuna baridi, alisema. Sijawahi kufika. Na goti langu ni zima. Nilishindwa.

— Taratibu, alisema Wakili.

— Nilikaa. Kulikuwa na kiti, nikakaa. Kulikuwa na chai, nikanywa. Miguu ilikuwa inaweza na mimi nikakaa. Huyu alinikuta na kikombe mkononi, akaenda zake, akafika. Hakuna shimo, hakuna treni, hakuna kikosi cha siri. Mia na watatu tumeshindwa, basi.

Taarifa alimtazama Wakili. Wakili alimtazama Taarifa. Uso wa Wakili ulianza kung'aa taratibu kwa mshangao na furaha.

— Mnaona? alinong'ona. Mnaona mafunzo yalivyo? Mpaka chai kaitia kwenye uongo!

— Naapa kwa Mungu, Nasor, nilikaa!

— Na kiapo juu! Taarifa alipiga paja. Huyu wangemkamata leo asingetoa hata jina la mama yake.

— Ninyi hamsikii?

— Tunasikia, Sajenti. Tunasikia vizuri sana. Na hatujasikia kitu.

Yahaya alimgeukia Mzee Hamoud. Yule mzee alikuwa akichochea makaa ambayo hayakuhitaji kuchochewa, na hakuinua macho. Pengine alikuwa ameamini. Lakini benchi lilikuwa lake, na hadithi ile ilikuwa ikilijaza kila jioni.

Yahaya akasimama.

— Twende, alimwambia Fakhrudin. Tukamuulize mtu anayejua.

Zahanati ilikuwa ng'ambo ya barabara, hatua sitini toka benchini. Muuguzi wake, Paskazia, alikuwa mwaka wa sita Tabora. Alikuwa amewachanja watoto wa Wakili na kumfunga Taarifa kidole alichobanwa na mlango wa behewa. Kila mtu alijua kwamba ni Mhaya, maana walimtania kwa ndizi. Yahaya alipokuwa akivuka barabara alijaribu kukumbuka kama kuna siku, katika miezi hiyo mitatu, mtu mmoja wa kijiwe aliwahi kuvuka kumwuliza habari za kwao. Hakuikumbuka. Hata yeye.

Walimkuta kwenye ngazi za nyuma, anakunja bendeji zilizofuliwa.

— Dada Paskazia, habari za kazi.

— Nzuri, kaka Yahaya. Goti?

— Siyo goti. Kijana anakwenda kwenu kesho. Anataka kujua kama kuna baridi.

Mikono ya Paskazia ilisimama. Alimtazama Fakhrudin, gwanda na yote, kisha akamtazama Yahaya, na kwa muda Yahaya alidhani atawafukuza.

— Mikono mirefu au mifupi, alisema Fakhrudin. Ya sweta. Mama anafuma.

— Mirefu, alisema Paskazia. Mwambie mama na shingo aifunike. Asubuhi ukungu hauinuki mpaka saa tatu, saa nne. Na mvua ya kwetu haichagui mwezi. Usilale na nguo mbichi.

— Asante, dada.

— Kwetu ni ng'ambo ya mto, kule adui alikoingia kwanza, aliendelea, kana kwamba wamemuuliza. Mama alivuka na wajukuu wawili. Yuko kwa watu, salama. Baba alivuka nao, kisha akarudi kuchukua baiskeli. Alisema ni saa moja tu, kwenda na kurudi. Mpaka leo.

Toka ng'ambo ya barabara sauti ya Taarifa ilisikika, akiuliza wale pale wanafanya nini.

— Anapokea amri, Wakili alimjibu. Usiangalie upande ule.

Paskazia hakuwasikia, au alishazoea kutowasikia. Alimgeukia Yahaya.

— Na wewe unaondoka naye?

— Hapana. Mimi nilishindwa. Nilikaa njiani.

— Haya, alisema Paskazia. Shika hapa.

Akampa ncha ya bendeji. Yahaya akaishika, akalirudiarudia akilini lile neno lake, haya. Hakuona ndani yake dharau wala huruma. Paskazia alikunja mpaka bendeji ikaisha, akachukua nyingine, Yahaya akashika tena.

— Baba anaitwa nani? aliuliza Yahaya.

Paskazia alikunja mzunguko mmoja zaidi.

— Felisiani Rutabanzibwa.

— Sema polepole, dada. Huyu ndiye anayekwenda.

Fakhrudin alikuwa ameshavua kofia yake mpya na kutoa kalamu mfukoni, aandike ndani yake. Kitambaa cha ndani kilikuwa kikijikunja, kalamu ikawa haiandiki. Yahaya akaiweka bendeji magotini, akaishika kofia kwa mikono miwili, akaivuta ikanyooka.

— Ru, alisema Paskazia. Ta. Ban.

Fakhrudin akaandika.

— Zi, alisema Paskazia.